Riwaya Isiyotaka Machozi: Kuisoma Native Son ya Richard Wright

Riwaya ya Native Son inaanza kwa mlio wa saa ya kuamshia, gizani, katika chumba kimoja wanamolala watu wanne: mama, vijana wawili wa kiume na binti mmoja. Kabla mama na binti hawajavaa nguo, vijana huambiwa wageuze nyuso zao pembeni. Chumba hakina pazia, basi shingo zao ndizo pazia. Mara anatokea panya mkubwa. Wanawake wanapanda kitandani wakipiga mayowe, na kijana mkubwa, Bigger Thomas, mwenye umri wa miaka 20, anampiga panya kwa kikaango cha chuma, kisha anamponda kichwa kwa kiatu. Akishamuua anamshika mkia na kumninginiza mbele ya macho ya dada yake, mpaka dada anazimia.

Kurasa hizo chache zinabeba riwaya nzima. Panya aliyebanwa anarukia watu na kung'ata kwa sababu anaogopa. Kijana naye anaua kwa sababu anaogopa, na akishaua anaonja, kwa muda mfupi, utamu wa kuogopwa na mwingine aliye dhaifu kuliko yeye. Msomaji aliyetazamia kisa cha maskini mwema aliyedhulumiwa anaonywa mapema kwamba hakuja mahali pake. Bigger si mwema. Ni mkali kwa mama yake, ni mwoga mbele ya wenziwe na huuficha woga huo kwa kisu. Anayemkinga huyu kwa kumpaka sukari hajamsoma, na anayemhukumu tangu ukurasa wa kwanza naye hajamsoma.

Ugumu huo ulikusudiwa. Richard Wright alizaliwa mwaka 1908 karibu na mji wa Natchez, katika jimbo la Mississippi, mjukuu wa watu waliozaliwa utumwani. Masomo yake ya shule yaliishia darasa la tisa, na elimu iliyobaki aliipata kwa kusoma peke yake. Katika Black Boy, kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1945, anasimulia jinsi alivyoazima kadi ya maktaba ya Mzungu mmoja mjini Memphis na kujiandikia barua kana kwamba ametumwa vitabu na bwana wake, kwa kuwa mtu mweusi hakuwa na ruhusa ya kujiazimia. Mwaka 1927 alihamia Chicago. Mwaka 1938 akatoa Uncle Tom's Children, hadithi za ukatili wa majimbo ya Kusini, na kitabu kikapokewa kwa sifa nyingi.

Sifa hizo ndizo zilizomtia wasiwasi. Katika insha aliyoieleza humo namna Bigger alivyozaliwa katika fikra zake, Wright anakiri kwamba alipozisoma tahakiki za kitabu hicho aliona amekosea: amewapa hata mabinti wa wenye mabenki kitabu cha kukisoma, kukililia na kujisikia vizuri baada ya kulia. Akaapa kwamba kitabu kitakachofuata kitakuwa kigumu na cha kina, ambacho msomaji atalazimika kukikabili bila ya liwazo la machozi. Native Son, iliyotoka Machi 1940, ndiyo utekelezaji wa kiapo hicho. Basi swali la haki la kuiuliza riwaya hii ni hili: je, kiapo kilitimizwa, na kama kilitimizwa, ni nani aliyelipa gharama yake?

Jibu lianze na mji, maana mji hapa si mandhari tu. Chicago ya miaka ile ilikuwa imepokea maelfu kwa maelfu ya watu weusi waliokimbia mashamba ya pamba na sheria za Kusini. Walipofika walikuta mpaka usioandikwa ukutani lakini ulioandikwa katika hati: wamiliki wa nyumba katika mitaa mingi walifungana kwa mikataba ya kutouza wala kupangisha nyumba zao kwa mtu mweusi. Watu wakazidi, mitaa waliyoruhusiwa haikuzidi. Nyumba kubwa za upande wa kusini wa mji zikakatwakatwa vyumba, na kila chumba kikawa nyumba ya familia nzima. Mwaka uleule wa 1940 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya familia ya Hansberry, iliyonunua nyumba katika mtaa wa Chicago uliofungwa kwa mkataba wa namna hiyo. Familia ilishinda, lakini kwa sababu ya kasoro ya utaratibu tu. Ilipofika mwaka 1948 ndipo mahakama hiyo ilipokataza mikataba hiyo isitiwe nguvu na vyombo vya sheria.

Wright hauelezi utaratibu huu kwa mhadhara. Anauonyesha kwa mkate. Bigger anapokimbia polisi, akiwa na njaa, anapita mbele ya duka la mikate na kukumbuka kwamba mkate wa senti 5 katika mtaa wa weusi huuzwa senti 4 ng'ambo ya mpaka. Anatafuta chumba kitupu cha kujificha, na hata yeye aliyezaliwa kukimbia anaona ugumu wa kupata chumba kitupu katika mitaa ambamo watu hawana pa kulala. Kisha anauonyesha kwa kodi. Akina Thomas hulipa dola 8 kwa wiki kwa chumba chao chenye panya. Mwisho wa kodi hiyo, ikifuatwa njia yake kutoka kampuni hadi kampuni, ni mfuko wa Bwana Dalton.

Bwana Dalton huyu ndiye aliyefikiriwa kwa werevu kupita wahusika wote wa riwaya. Ni tajiri mpole, mwenye mke kipofu na binti mmoja, Mary. Ametoa mamilioni ya dola kwa ajili ya elimu ya watu weusi. Amewapelekea vijana wa mtaa wa Bigger meza za mpira wa meza ili wasipotee. Anampa Bigger kazi ya udereva kwa dola 25 kwa wiki, 20 za kumpelekea mama na 5 za kubaki nazo mwenyewe, na anajiona ametenda jema. Na kweli ametenda. Lakini anapoulizwa baadaye, mbele ya watu, kwa nini hapangishi nyumba kwa weusi nje ya mitaa yao, hana jibu ila kwamba ndiyo desturi. Kumbe mkono mmoja unapokea kodi na mwingine unatoa sadaka, na hakuna mkono unaoujua wa pili. Kuhusu klabu iliyopelekewa zile meza, Bigger anamwambia wakili wake kwamba humo ndimo yeye na wenziwe walimopangia wizi wao mwingi.

Hapo msomaji makini hushtuka, kwa sababu anatambua kwamba Dalton ni yeye. Dalton ndiye yule msomaji aliyekililia kitabu kilichotangulia. Ana huruma, huruma yake ni ya kweli, nayo haigusi hata senti moja ya kodi. Wright amemwingiza hadhira wake ndani ya riwaya, akamvika suti nzuri na kumwacha aseme. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wright anaongeza lililo gumu zaidi: mwenye shibe anaweza kumlilia mwenye njaa usiku kucha na asubuhi bado asimjue.

Upofu wa Bi Dalton unafanya kazi katika mpango huo. Wako wahakiki walioona ishara hiyo kuwa nzito mno, na ni kweli kwamba Wright anairudia hadi msomaji anatamani apumzishwe. Hata hivyo, katika usiku wa maafa ishara hiyo inageuka tukio, na hapo haina mzigo wa ziada. Mary amelewa. Yeye na rafiki yake Jan, kijana Mkomunisti, wamemlazimisha Bigger akae nao na ale nao, wakidhani kwamba kumwondolea adabu ya utumishi ndiko kumheshimu. Naye ameumia kwa wema wao kuliko ambavyo angeumia kwa matusi. Nyumbani, Mary hawezi kusimama, na Bigger anambeba hadi chumbani kwake. Mama kipofu anaingia. Bigger anajua kwamba hakuna maelezo duniani yatakayomwokoa kijana mweusi aliyekutwa katika chumba cha binti wa Kizungu. Anamziba Mary mdomo kwa mto ili asitoe sauti, na mama anapotoka, Mary amekwisha kufa. Yanayofuata, sanduku, tanuri la makaa ya mawe chini ya nyumba, na kiwiliwili kisichoingia mpaka kikatwe kichwa, yameandikwa kwa utulivu unaotisha, bila ya sifa wala mguno.

Sehemu tatu za riwaya zina majina ya neno mojamoja: Hofu, Mbio, na la tatu ambalo mfasiri wa Kiswahili atalikuta tayari limemngoja katika lugha yake. Kiingereza kinasema jambo lililoandikwa, lisiloepukika. Kiswahili kina neno ajali. Siku hizi neno hilo husemwa kwa gari lililopinduka, kwa jambo lililotokea pasipo kukusudiwa. Lakini maana yake ya asili, ile iliyobaki katika usemi kwamba ajali haina kinga, ni siku iliyokwisha kuandikwa. Kifo cha Mary ni ajali kwa maana zote mbili. Bigger hakukusudia. Lakini mji uliochora mpaka, uliojenga hofu ile matofali kwa matofali, ulikuwa umekwisha kuiandika siku hiyo; lililobaki ni jina la binti na jina la kijana. Neno moja la Kiswahili linafumbata mabishano yote ya mahakamani yanayochukua makumi ya kurasa.

Lililo zito zaidi ni linalompata Bigger baada ya kuua. Hajuti. Anahisi kwamba kwa mara ya kwanza ana kitu chake mwenyewe, jambo alilolitenda ambalo hakuna awezaye kumnyang'anya. Anakaa mezani na familia yake asubuhi na kuwaona wote kuwa vipofu. Hapa ndipo kiapo cha Wright kinapotimia barabara, kwani hakuna binti wa benki awezaye kukililia kifungua kinywa hicho. Msomaji anataka kumkataa kijana huyu, na hawezi, kwa kuwa amekaa ndani ya kichwa chake tangu saa ilipolia. Usimulizi ni wa nafsi ya tatu, lakini haumwachi Bigger hata kwa hatua moja. Anachokiona ndicho kinachoonekana, na asichokiona hakipo.

Wright hakuitoa hewani hali hiyo. Alipokuwa katikati ya kuandika, mwaka 1938, kijana mweusi aitwaye Robert Nixon alikamatwa Chicago kwa mauaji ya mwanamke wa Kizungu, na magazeti ya mji yakamwandika kwa lugha ya kumfananisha na mnyama. Nixon aliuawa kwa kiti cha umeme mwaka 1939. Wright aliyakusanya magazeti hayo na akayatumia. Kurasa za riwaya zinazodai kunukuu magazeti yanayomwita Bigger nyani zinatisha zaidi pindi msomaji anapojua kwamba mwandishi hakuhitaji kubuni mengi.

Kitabu kiliuzwa kwa kasi kubwa mno, kwa kuwa klabu ya vitabu ya Book-of-the-Month Club ilikichagua kwa wanachama wake, baada ya kutaka baadhi ya sehemu zipunguzwe. Matini yasiyopunguzwa yalichapishwa mwaka 1991. Lakini haikuchukua miaka kumi kabla pigo halijaja, tena kutoka kwa kijana ambaye Wright mwenyewe alimsaidia. James Baldwin, katika insha ya mwaka 1949 na nyingine ya mwaka 1951, alidai kwamba Bigger ni mjukuu wa Mjomba Tom wa riwaya ya Harriet Beecher Stowe: mmoja alifanywa malaika, wa pili akafanywa shetani, na wote wawili wamenyimwa utu wa kawaida. Alidai pia kwamba maisha ya watu weusi wao kwa wao, mapenzi yao, maongezi yao, mila walizojijengea ili waweze kuishi, hayamo katika kitabu.

Hoja hiyo ya pili haiwezi kupuuzwa, na jina la uthibitisho wake ni Bessie Mears. Bessie ni mpenzi wa Bigger, mtumishi katika jiko la Wazungu, mwanamke ambaye wiki yake nzima ni kazi na saa chache za kunywa pombe ili asahau kazi. Bigger anamvuta katika hila ya kudai fedha za fidia kwa binti ambaye amekwisha kuwa majivu. Mambo yanapofichuka anakimbia naye katika theluji hadi katika jengo lililohamwa. Hapo Bessie analia. Analia kwa maneno machache: kwamba tangu azaliwe hakuona ila taabu, kwamba alifanya kazi na kulewa na kulala, na sasa hata hilo limeondoka. Hana nadharia. Hana wakili. Bigger anaona kwamba hawezi kwenda naye wala kumwacha nyuma, na akiwa amelala anamuua kwa tofali na kumtupa katika shimo la hewa la jengo.

Mary alikufa kwa ajali. Bessie aliuawa kwa kusudi. Lakini mji haukumtafuta Bigger kwa ajili ya Bessie. Polisi na raia walioingia nyumba kwa nyumba katika mtaa wa weusi, waliopanda juu ya mapaa hadi wakamwangusha kwa maji ya baridi kutoka kwenye tangi alilolipanda, walitoka kwa ajili ya Mary. Katika uchunguzi wa kifo mwili wa Bessie unaletwa mbele ya watu, si ili alipiziwe kisasi yeye, bali uwe ushahidi wa ukatili uliotendewa Mary. Bigger mwenyewe anaiona dhuluma hiyo, na msomaji anamshukuru kwa kuiona; ni miongoni mwa nyakati chache ambapo anamfikiria Bessie kuwa mtu.

Ila dhuluma hiyo haikutendwa na mahakama peke yake. Riwaya nayo imemtumia Bessie kuwa ushahidi. Ameletwa ili aonyeshe kwamba kijana anaweza kuua mara ya pili, kwa kusudi. Ameondolewa kazi yake ilipokwisha. Usimulizi uliofungwa ndani ya kichwa cha Bigger unamwona Bessie kama Bigger amwonavyo: sauti inayonung'unika, mwili unaofariji, mzigo. Wakili Max, katika hotuba yake ndefu ya kuomba Bigger asihukumiwe kifo, anaitafsiri nchi nzima, historia yake na dhamiri yake, na Bessie anapata nafasi finyu tu. Hiyo ndiyo gharama ya kiapo. Mwandishi aliyeazimia kumnyima tajiri machozi yake alimnyima pia maskini wa maskini machozi aliyostahili kuliliwa.

Haifuati kwamba riwaya imeanguka. Inafuata kwamba isomwe mara mbili: mara ya kwanza na Bigger, kama inavyotaka yenyewe, na mara ya pili na Bessie, kama isivyotaka. Anayeisoma mara ya pili ataona kwamba maneno machache ya mwanamke yule katika giza la jengo bovu yana uzito kuliko hotuba yote ya Max. Hotuba hiyo ina hekima, na ina marefu yasiyosameheka. Humo Wright anamwambia msomaji yale ambayo mkate wa senti 5 ulikwisha kumwambia. Machozi ya Bessie hayaelezi lolote. Yanaumiza tu, na yanafundisha.

Mwisho wa riwaya unarudisha heshima yote. Bigger amekwisha kuhukumiwa. Max anakuja kumuaga, na Bigger anajaribu kumweleza kwamba kile kilichomfanya aue lazima kilikuwa na maana, kwa sababu ndicho kilichomwonyesha kuwa yeye yupo. Max, mtetezi wake, mtu aliyefahamu kila kitu, anaogopa, na anaitafuta kofia yake kwa kupapasa kama kipofu. Kisha Bigger anamwomba amfikishie Jan salamu. Jan, aliyempoteza Mary na bado akamjia gerezani kama binadamu kwa binadamu, anatajwa hapo kwa jina lake tupu. Neno Bwana, lililotangulia majina ya Wazungu wote katika kinywa cha Bigger, linaanza kutoka na kukatizwa, kisha linaachwa.

Mfasiri wa Kiswahili hatapata tabu na ukurasa huo. Tabu yake itakuwa kuubeba bila ya kuuvunja. Kwa Kiingereza neno hilo limechakaa, ni adabu ya kila siku. Kwa Kiswahili, na hasa visiwani, bwana ni muungwana wa salamu, ni mume, na ni mwenye mtumwa vilevile. Bigger anapoliacha, katika lugha hii anaacha vitu vingi kwa mara moja. Na jina la kitabu chenyewe limesubiri katika msamiati wa Kiswahili: mwana wa nchi, yaani mwananchi. Ni neno la hadhi, neno la kadi ya kura na la hotuba za uhuru. Kumwita Bigger Thomas mwananchi ni kuiuliza nchi swali aliloliuliza Wright: huyu aliyezaliwa na mitaa yenu, akalelewa na kodi zenu na hofu zenu, ni mwana wa nani?

Kitabu hiki hakitaki machozi, na karibu katika kila ukurasa kinafaulu kuyazuia. Yanapokuja, huja mahali pasipotazamiwa: kwa ajili ya jina lililotajwa bila ya Bwana, na kwa ajili ya mwanamke aliyelia theluji ikianguka nje, na hakuna aliyenyanyua kichwa kumsikiliza, wala mtu wake, wala mahakama, wala mwandishi. Msomaji ndiye aliyebaki wa kumsikiliza. Akimsikiliza, kisha akaulizia na kodi ya chumba, atakuwa amekisoma kitabu.